Honda ya Kukaa Upande

Honda ya Hashil ilikufa Jumatatu saa mbili asubuhi, mbele ya baraza yangu, na kufika saa tatu kijiji chetu kizima cha Vitongoji kilikuwa kinajua. Wala si mie niliyetangaza. Mie niliwaambia watu watatu tu.

Jina langu Mgeni, nauza vitumbua pale barazani, kwa hivyo mambo ya namna hii hayanipiti. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikaguna mara moja kama mtu aliyeamshwa usingizini, basi. Hashil akapiga kiki mara thelathini mpaka goti likakataa. Akaja fundi, akafungua, akachungulia, akafunga tena taratibu. “Poleni,” akasema, kama yumo matangani.

Kwetu Pemba kila pikipiki ni honda, awe kaiunda Mjapani au Mhindi. Hii ya Hashil ilikuwa na miaka kumi na saba na ilishazoea tabia zake. Maana Hashil ana tabia zake. Kazi yake ni fundi wa cherehani; si mshonaji, ni yule anayezitengeneza zikigoma. Huzunguka nyumba hadi nyumba na boksi lake la bisibisi na mafuta. Na huyu bwana hamsalimu mtu injini inanguruma. Anasema ni kama kumsalimu mtu huku unatafuna. Akimwona mtu mzima anasimama, anazima, anateremsha mguu, ndipo “Asalaam aleikum.” Atauliza hali, atauliza watoto, atauliza ng'ombe aliyekuwa anaumwa kwato, kisha apige kiki aondoke. Hatua ishirini mbele, bibi mwengine kakaa mlangoni: anazima tena. Kutoka kwetu mpaka Chake ni dakika kumi na tano kwa mtu mwenye haraka. Hashil huchukua saa nzima, na akifika mjini ana habari za njia yote. Ndiyo maana nampenda.

Nyuma yake alikuwa akikaa mkewe, Thuraiya. Anakaa upande, kama tunavyokaa wanawake wa kwetu, miguu yote kushoto, buibui kalikusanya, kipochi mapajani, mkono mmoja begani kwa mumewe. Wakipita tulikuwa tukisema, “Haya, maharusi hao!” Watoto wanne na wajukuu sita, bado maharusi.

Lakini tangu Maulidi sikumwona Thuraiya juu ya honda. Na mie nilikuwa naliona hilo kabla hata honda haijafa.

Jumatano asubuhi, wateja walipopungua, Hashil akaja akakaa ukingoni mwa baraza. Alikunywa chai yote bila kumuuliza mtu hali. Nikajua analo.

“Mgeni, nataka kukwambia kitu, lakini kisitoke hapa.”

“Mie? Si unanijua mie.”

“Ndiyo maana nakwambia kisitoke.”

Nikaapa. Akashusha sauti. Akasema Thuraiya kamkatalia mara tatu. Harusi ya Wete alisema kichwa. Khitma ya Gando alisema anatarajia wageni, na hakuja hata paka. Mwisho hata sokoni Chake hataki, kila siku ana chungu jikoni.

“Mwenzio anaona haya,” akasema. “Utamlaumu? Honda inatoa moshi, buibui lake linarudi linanuka mafuta. Amekaa juu ya kile kibati miaka kumi na saba, hakusema neno. Sasa amechoka kuonekana.”

“Kakwambia hivyo?”

“Thuraiya akwambie kitu kama hicho? Angekufa kwanza.” Akatazama chini ya kikombe. “Karafuu mwaka huu zimekwenda vizuri, alhamdulillahi. Nataka nimnunulie honda ambayo akiiona tu atatoka mwenyewe kuja kupanda, bila kuitwa. Nimeshaiona, ipo kwa Ridha pale Chake. Nyekundu. Ndefu hivi, tairi za meno, kama zile wanazopanda mabwana wa miradi. Ukikaa juu unawaona watu utosini.”

Hapo akatokea Zubeir, mtoto wa nduguye, ambaye ni bodaboda na kazi yake nyengine ni kutoa ushauri. “Ami, safari hii usituaibishe,” akasema, huku mkono uko kwenye vitumbua vyangu. “Chukua ile ndefu. Mtu akikuona anasema, huyu ni mtu.”

“Na sasa wakiniona wanasemaje?”

“Wanasema, huyo Mzee Hashil, tumfunge mbuzi kabla hajasimama kumsalimu.”

Tukacheka, Hashil pia. Alipoinuka kuondoka akanigeukia. “Usimwambie Thuraiya. Nataka imjie ghafla.”

Mchana wake nikaenda kwa Thuraiya. Sikwenda kuchunguza. Nilikwenda kuazima pawa la kupakulia mchuzi. Nikamkuta kasimama jikoni na nazi mbili zimevunjwa hazijakunwa.

“Afadhali umekuja, shoga,” akasema. “Nikunie.”

Nikakaa juu ya mbuzi, nikaanza kukuna. Thuraiya alikuwa akikuna nazi tatu huku anaimba. Leo ananisubiri mie. Nikaacha kukuna, nikamtazama. Akajaribu kunikwepa akashindwa, maana mie nikimtazama mtu huwa namtazama.

“Ni nyonga,” akasema. “Hii ya kushoto. Nikikaa chini siinuki. Nikiunyanyua mguu hata kiasi cha ngazi moja, ni kama kuna mtu anapigilia msumari. Nimekwenda kwa daktari. Kanipa dawa, kanipa na mazoezi ya kufanya kitandani. Kasema itapoa kidogo, haitakwisha. Mambo ya kuparamia paramia niyawache.”

“Hashil anajua?”

“Thubutu!” Akaufunga mlango wa jikoni. “Akijua, hizo hela za karafuu zote zitapanda ndege. Atanipeleka Unguja, atanipeleka Dar, kisha auze na mikarafuu yenyewe anipeleke Muscat, na dawa kote ni hiyo hiyo. Unamjua. Mwanamume huyu hajawahi kujinunulia kitu. Kila mwaka wa karafuu ilikuwa ada, au bati, au harusi ya mtoto. Wacha anunue honda aitakayo.”

“Na weye utakaa wapi?”

“Nitakaa nyumbani.”

Alisema kama anayeagiza chumvi. Kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta sufuria iliyokuwa kavu.

“Mie ninachokikosa si safari,” akasema baadaye, kanipa mgongo. “Wete naijua, Gando naijua. Nakosa kule kusimama simama kwake. Anazungumza na watu, mie nipo nyuma na mkono wangu begani kwake, nasikiliza. Nyumbani hazungumzi hivyo, anakuwa amechoka.” Akageuka. “Usimwambie, Mgeni. Niapie.”

Nikaapa tena. Mara ya pili siku hiyo.

Basi nikatoka pale na amana mbili, moja ya mume na moja ya mke, na kila moja ilikuwa dawa ya mwenzake. Msinidharau, siri nimeshawahi kuzibeba. Lakini zile zilikuwa siri za kawaida, nani kamposa nani. Hizi zilikuwa zikinipanda kooni kama kiungulia. Nikipita kwa watu nawasalimu haraka haraka nakimbia. Jioni nilikula vitumbua vyangu mwenyewe, sita, ili mdomo upate kazi.

Alhamisi Hashil akaniomba nifuatane naye kwa Ridha, kwa sababu bei mie ndiye ninayejua kuzungumza nayo. Zubeir akaja bila kuombwa. Ridha ni mtu wa Chake, mpole, kucha zina grisi ya miaka, na honda zake amezipanga uani kama ng'ombe wa mnada. Hashil akaenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu.

Nami nitasema kweli: ilikuwa nzuri. Ilikuwa imesimama kama jogoo. Hashil akairukia, akakaa, mguu mmoja ukagusa ardhi kwa kidole gumba na mwengine ukabakia unaning'inia. Lakini uso wake! Sikuwahi kumuona hivyo tangu alipopata mjukuu wa kwanza.

Ridha akasimama pembeni anafuta mikono. “Mzee Hashil, kabla hatujafika mbali. Weye unaendesha vipi?”

“Vipi vipi? Naendesha kama watu.”

“Unakwenda wapi na wapi?”

“Konde. Mkoani. Njia zote.” Mkoani Hashil huenda mara moja kwa mwaka, na mara ya mwisho alipanda gari.

“Na njiani unasimama mara ngapi?”

“Sisimami. Mie nikishaondoka nimeondoka.”

Nilitaka kunyamaza, Mungu anajua. “Hashil! Jana kutoka kwangu mpaka msikitini umesimama mara tano, na ulikuwa unakwenda kwa miguu!”

Zubeir akacheka mpaka akashika ukuta. Ridha hakucheka sana. “Nyuma anakaa nani?” akauliza.

“Mke wangu.”

“Anapandaje?”

“Anapanda wanavyopanda wake za watu. Anakaa upande.”

Nikapaliwa na mate. Nikakohoa, nikakohoa, Ridha akaenda kuniletea maji. Aliporudi akaonesha kona ya ua, kwenye honda moja fupi isiyo na klachi, ya kuwasha kwa kubonyeza, tairi zake kubwa lakini katikati imebonyea kama tandiko la punda.

“Kwa kazi yako, mie ningekupa ile.”

“Ile ya maustadhi?” Zubeir akaruka. “Ami, ukinunua ile mie nahamia Unguja.”

Hashil hakugeuza hata shingo. Alikuwa bado juu ya nyekundu, ameshika usukani kwa mikono miwili. Ridha akamtazama, akatikisa kichwa, akampa ufunguo.

“Kaa nayo mpaka Jumamosi. Usinipe kitu. Ipande kama unavyopanda siku zote, na aliyezoea kukaa nyuma akae nyuma. Kisha uje uniambie.”

Ijumaa baada ya sala, mbele ya nyumba ya Hashil palikuwa kama penye sherehe. Wanaume wametoka msikitini na kanzu zao, wanawake milangoni, na nusu yao walikuja kwa sababu mie niliwaambia kuna honda mpya. Hilo sikuapia. Ile nyekundu ilikuwa imeoshwa. Hashil kavaa kofia yake ya viua, amesimama pembeni yake kama bwana harusi anayengoja mlango ufunguliwe.

“Thuraiya!” akaita. “Hebu njoo kuno nje mara moja!”

Nilifikiri atasema ana chungu jikoni. Nilikuwa namuombea aseme hivyo. Lakini Thuraiya akatoka. Katoka na buibui lake la Idi, wanja machoni, kajifukiza udi mpaka sisi wa mbali tukausikia. Alisimama kizingitini akaitazama ile honda kuanzia chini mpaka juu, na ilikuwa ndefu mno, na akatabasamu.

“Mashaallah,” akasema. “Hii ndiyo honda.”

“Umeipenda?”

“Nani asiyeipenda?”

“Basi panda, twende tukazunguke.”

Hapo nikafahamu anataka kufanya nini. Alikuwa kaamua kupanda. Hakutaka kumvunja mbele ya watu, siku ambayo mwenzake kavaa kofia ya viua. Hashil akakaa juu, akashikilia kwa ncha za vidole vya miguu, akatazama mbele kwa fahari, akangoja ule mkono begani. Thuraiya akasogea. Akaweka kiganja juu ya kiti. Kiti kilikuwa kinamfika karibu na kifua. Chuma cha ubavuni cha kuzuia nguo hakikuwapo, pa kuweka miguu miwili hapakuwapo. Akanyanyua mguu kidogo tu, akaurudisha. Midomo ikaingia ndani. Hashil hakuona kitu, alikuwa anatazama barabara.

“Umeshakaa?” akauliza.

“Bado. Narekebisha buibui.”

Watu wakaanza kuchekacheka. “Bi Thuraiya, tukuletee ngazi?” mmoja akapiga kelele.

Mie nilikuwa nimeapa kutosema. Kwa hivyo sikusema. Niliingia jikoni kwake, nikatoka na ule mbuzi wa kukunia nazi, nikapita nao katikati ya watu wote, nikaugeuza meno yaelekee kwengine, nikauweka chini miguuni pake. Kisha nikamshika kiwiko kwa nguvu, kama anavyoshikwa mgonjwa. Nilimshika hivyo makusudi.

Hashil akasikia mbuzi unagonga ardhi, akageuka. Akaona mbuzi. Akaona mkono wangu ulivyomshika mkewe. Thuraiya alikuwa ameshaweka mguu wa kulia juu ya ubao, anajaribu kuuvuta wa kushoto uufuate, na wakati ule hakuwahi kuutengeneza uso. Hashil akauona ulivyo.

Nilimuona anahesabu: Wete, Gando, soko, chungu jikoni. Yote yalipita kwenye macho yake. Kisha ile honda ikayumba, na mpaka leo nasema aliiyumbisha mwenyewe, akarukia chini upande wa pili.

“Astaghfirullahi!” akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. “Siiwezi! Jamani, hii mie siiwezi. Miguu haifiki chini. Itanitupa na mke wangu, mje mtuokote mtaroni.”

Kicheko kilichopigwa pale sikuwahi kukisikia. “Ami umeogopa!” Zubeir akashika kichwa. “Ami, mbele za watu!”

“Nimeogopa,” Hashil akasema. “Mie mfupi, wallahi sikujua kama mie mfupi hivi.”

“Mfupi tangu skuli!” mzee mmoja akadakia, na wakamuandama kwa maneno, huyu anasema anunue baiskeli ya magurudumu matatu, huyu anasema apande na mto. Hashil anacheka nao, anawajibu, anavuta kofia, na huku mkono wake mmoja uko nyuma, umekamata vidole vya Thuraiya. Kwa mtaa mzima aliyeshindwa ni yeye. Watu walitawanyika na kichekesho chao, na hapana aliyemuuliza Thuraiya kwa nini hakupanda.

Wenyewe wakaingia ndani, mie nikauchukua mbuzi kuurudisha jikoni. Jikoni na chumbani kwao pana ukuta mmoja, na juu yake hapana dari. Sasa nifanyeje, nizibe masikio na mikono ina mbuzi?

“Tangu lini?” nikamsikia Hashil.

“Tangu Maulidi.”

“Miezi yote hiyo mie nadhani unanionea haya.”

“Nikuonee haya weye?” Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. “Kwa lipi?”

“Kwa moshi.”

Kisha Thuraiya akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, nikasikia kitanda kinalia, nadhani Hashil alikaa karibu yake. “Hashil, ule moshi mie nilikuwa nauona kama ubani.”

“Kesho tunakwenda Unguja hospitali.”

“Unaona? Ndiyo maana sikukwambia! Nimeshakwenda, dawa ninazo. Ukinipandisha meli nitajitupa.”

“Basi twende kwa yule daktari wako, nami nimsikie.”

“Kumsikia msikie.”

Nikaweka mbuzi chini polepole. Ukagonga sakafu hivyo hivyo.

“Mgeni!” Thuraiya akaita kutoka ndani. “Umenisema!”

“Sikufungua mdomo!” nikamjibu. “Watu wote mashahidi!”

Jumamosi tulikwenda kwa Ridha sote. Hashil aliirudisha nyekundu, na mie na Thuraiya tukapanda gari, yeye akakaa mbele kwa dereva. Safari hii Hashil hakukaa juu ya kitu. Alishika usukani wa kila honda ikawa imara, akamwambia mkewe, “Jaribu,” kisha akatazama miguu ya Thuraiya, si uso, kwa sababu uso alishajua unadanganya.

Ya kwanza ilikuwa chini kidogo, lakini bomba la moshi lilikuwa karibu na muundi wake. Ya pili kiti chake kilipanda nyuma, mtu anateleza anamwangukia dereva. “Hii ya vijana,” Thuraiya akasema, “wenye haja ya kuteleza.” Ridha akainamisha uso. Ikaja vespa, nzuri, chini, inakalika kama kochi, na Thuraiya akaipenda mpaka Ridha akauliza njia ya kutoka barabarani mpaka kwao ikoje. Njia yao ni mawe matupu na mizizi. Akaonesha yale magurudumu madogo, na Hashil mwenyewe akaisukuma pembeni.

Ile fupi isiyo na klachi hatukumuona Thuraiya alivyoipanda. Hashil alikuwa bado anamuuliza Ridha kuhusu breki. Nilipogeuka Thuraiya alikuwa ameshakaa, upande, kipochi mapajani, miguu inagusa ardhi yote miwili.

“Umepandaje?” Hashil akauliza.

“Nimekaa tu. Kama ninavyokaa kitandani.”

“Haikuuma?”

“Kidogo. Si ya msumari.” Akautazama ubavu wa honda, akakunja pua. “Ila rangi yake mbaya. Kama chai iliyolala.”

“Rangi utaionea wapi, na weye umekaa juu yake?”

Ridha akaleta chuma cha ubavuni na kijibao cha miguu, akavifunga pale pale, na kila akikaza nati Hashil anakuja nyuma yake anaikaza tena. Kisha Hashil akabonyeza kitufe, ikawaka. Akazima. Akabonyeza, ikawaka. Nafikiri alifanya hivyo mara kumi, goti lake limetulia, anashangaa kama mtoto na swichi ya taa. Mie nikashughulikia bei, nikamshusha Ridha mpaka akaniomba nirudi nyumbani kwangu.

Tulikuwa tunaaga ndipo Thuraiya akasema, “Ridha, ile nyekundu ina mafuta?”

“Yamo.”

“Mpe ufunguo Mzee Hashil.”

“Wacha, Thuraiya,” Hashil akasema. “Yamekwisha hayo.”

“Hayajakwisha. Nataka kukuona. Mara moja tu, zunguka kiwanja.”

Nyuma ya ua wa Ridha pana kiwanja cha mpira, asubuhi ile hakina mtu. Hashil alikataa mara mbili, ya tatu hakukataa. Akaipanda kwa kidole gumba, akaondoka taratibu, akafika kwenye goli la mbali, na hapo sijui ilimuingia nini. Kanzu ikajaa upepo. Vumbi likapanda. Alipita mbele yetu mbio, kofia kaishika kwa mkono mmoja, meno yote nje, hakumsalimu mtu. Mtu wa miaka hamsini na tisa. Thuraiya akaegemea ukuta akapiga kigelegele kirefu mpaka wanunuzi wa jirani wakatoka kutazama nani kaolewa.

Akazunguka mara tatu, si moja. Aliporudi alizima, akashuka, akabaki anaitazama kidogo. Kisha akapangusa kiti kwa mkono wa kanzu, akampa Ridha ufunguo bila kumtazama. Thuraiya alimuona. Akaenda akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio wake, hadharani kabisa, kitu ambacho sikuwahi kumuona akifanya.

“Ilikupendeza,” akamwambia.

“Ee?”

“Sana. Kila Idi utakuja umuazime Ridha, uzunguke, nami nitakuja kutazama.”

“Karibuni,” akasema Ridha, “lakini mafuta yenu.”

Wakaondoka kwenye saa tano, mkono begani, sauti ya honda imetulia kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mie nikapanda gari, nikafika nyumbani, nikapika chai, nikangoja. Adhuhuri ikapita. Nikasema, basi wamesimama kusalimu. Nikawauliza waliotoka njia ya Chake; wakasema hawakuwaona. Alasiri ikaadhiniwa, na hapo mie nimeshapiga simu mara nne na hawapokei, watu wazima wale.

Wakatokea baada ya sala, na si kutoka upande wa Chake. Walitokea kwa upande wa pili kabisa, njia ya pwani. Pindo la buibui la Thuraiya lilikuwa limeroa na lina mchanga, na Hashil kanzu kaipandisha mpaka magotini. Alizima mbele ya baraza yangu. Thuraiya akateremka mwenyewe, polepole, akakaa ukingoni.

“Mlikuwa wapi?” nikauliza.

“Huko,” akasema.

“Huko wapi?”

Akamtazama Hashil. Hashil akainama kuchunguza tairi ambayo haikuwa na kitu. Wakaanza kucheka wote wawili, kile kicheko cha kushikana, mtu akinyamaza mwenzake anaanza, na nikawauliza tena na tena hawakunijibu. Thuraiya akachukua kitumbua, akala chote, akachukua cha pili. Nikawatilia chai.